Mahali pa Kula Kule Mayo

Mwezi uliopita Bwana Odera alinipigia simu kutoka Johannesburg, baada ya kimya cha miaka, kuniambia kwamba Nzigire amefariki na kwamba jumuiya yetu ya zamani kule Troyeville inaomba niandike maneno machache ya kusomwa kabla ya mazishi. "Wewe ndiye uliyekuwa na kalamu," alisema, kwa sauti ile ile ya mwenyekiti aliyezoea kugawia watu kazi. Nilimwambia siwezi. Akasema, "Mwikali, hayo mambo si yalipita?" Nikamuaga na kukata simu. Hayakupita. Nzigire hakunipenda, nami kwa muda mrefu sikumpenda, na najua asingekubali maneno yangu yasomwe juu ya jeneza lake. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikikaa jikoni kwangu Machakos, chakula kinapoa mbele yangu, nikiuwaza mwaka 2016 tangu mwanzo wake hadi mwisho. Yale ambayo hayakufaa kusomwa kanisani nayaandika hapa, na sitajipendelea.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nina mkataba katika benki moja pale Marshalltown, na nilijiona nimefika. Kila Jumapili adhuhuri paroko alituachia kanisa kwa misa ya Kiswahili, na baada ya misa tuliingia ukumbini: Wakongo wengi, Wakenya, Watanzania wachache na familia mbili za Warundi. Ukumbi ule ulikuwa na dari lenye madoa ya maji na sakafu ya mbao iliyolia chini ya viti. Majira ya baridi tuliwasha hita mbili za gesi, na watu waligombania viti vya karibu nazo huku wakijifanya hawagombanii. Wakenya tulikaa upande wa madirisha na Wakongo upande wa jikoni. Hakuna aliyepanga hivyo, na hakuna aliyewahi kuvuka bila sababu. Upande wetu niliwasikia wakinong'ona, "Hawa wakiachiwa watapika hata ndani ya ndege." Upande wa pili nilisikia, nikipita na sahani yangu, "Bale Bakenya banajionaka Bazungu." Kila upande ulijua unasemwa, na kila upande ulikula chakula kile kile, kwa kuwa mpishi alikuwa mmoja.

Mpishi huyo alikuwa Nzigire. Alikuwa mwanamke wa Bukavu, mwenye miaka hamsini hivi, mrefu, mshonaji kwa kazi yake, na Wakongo wote walimwita Yaya, yaani dada mkubwa, hata waliomzidi umri. Siku ya Jumapili alileta masufuria yake: bugali mweupe, maharage, ndagala, wale dagaa wadogo, waliokaangwa na nyanya, na sombe, yaani kisamvu, iliyopondwa mpaka ikalainika kabisa. Alipakua kwa mkono wake mwenyewe, na ulijua anakuonaje kwa kuangalia alichokuwekea sahanini. Mimi mwanzoni nilipewa vizuri. Nilikuwa nikimpeleka vitambaa vyangu anishonee nguo za kazini, aliniita mdogo wangu, na alikuwa akiniuliza kama pale benki wananipa muda wa kula.

Mapema mwaka huo paroko alitangaza hija. Tungekwenda Mayo, magharibi ya Ireland, mwezi wa saba, siku tisa, watu ishirini. Kamati iliundwa, Odera akawa mwenyekiti kama ilivyokuwa kwa kila kamati, nami nikapewa kazi ya kuandika kijitabu cha msafiri, sehemu ya kula na kunywa. Niliipokea kazi hiyo kama vile nimepewa cheo. Kila saa ya chakula cha mchana, wenzangu wakishuka barabarani kununua pap, ugali wa kule, na nyama kwa akina mama waliopanga masufuria kando ya ukuta wa benki, mimi nilibaki mbele ya kompyuta nikisoma habari za miji ambayo sikuwahi kuisikia: Westport, Castlebar, Ballina. Nilisoma juu ya chaza wa ghuba, mwanakondoo wa milimani, mkate mweusi unaoumuliwa kwa magadi, na supu nzito ya samaki iliyotiwa krimu. Niliandika kurasa nne. Niliandika "supu hii haina mfano pwani yote ya magharibi," na nilipoisoma sentensi hiyo kwa sauti nikahisi kwamba kweli nimeionja. Leo nikiikumbuka naona aibu, lakini wakati ule sikuwa nimewahi kuandika kitu ambacho watu ishirini wangekishika mkononi.

Katikati ya kazi hiyo, Jumamosi moja ya mwezi wa nne, nilikwenda kwa Nzigire anipime gauni la safari. Mahali pake pa kazi palikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya zamani, vyerehani viwili, pasi, na vitambaa vilivyopangwa mpaka dirishani. Nilisimama nimeinua mikono, yeye akizungusha tepu kifuani kwangu, na katika hali hiyo, bila kunitazama usoni, akaniambia jambo. Miaka yote ile alikuwa bado na karatasi ya kuomba ukimbizi, ile inayogongwa mhuri kila baada ya miezi kadhaa. Walikuwa wamemkataa mara moja, akakata rufaa, na mwanasheria alikuwa amemwahidi kwamba hati ya kusafiria ingeweza kupatikana kabla ya mwezi wa saba. "Kanisani banafikiri nilishapata zamani," alisema. "Miye ndiye ninawaambia bamama wengine wasikate tamaa. Wakijua hata miye bado, watasemaje? Usimwambie mtu, mdogo wangu." Nikasema, "Yaya, nani atamwambia mtu?" Akaandika kiuno changu kwenye kipande cha karatasi na kunitengenezea chai.

Mkutano wa kupitisha kijitabu ulifanyika Jumapili moja ya mwezi wa tano, baada ya misa. Baridi ilikuwa imeanza. Odera alisimama akasoma kazi yangu kwa sauti, taratibu, akitamka majina ya miji kana kwamba alizaliwa huko. Alipofika kwenye chakula cha kwanza cha jioni, katika baa moja kando ya mto, katekista wetu, Papa Bisimwa, aliinua mkono.

"Baa? Tunaenda kuhiji ao kulewa?"

"Baa za kule si kama za Hillbrow, Papa," Odera akajibu. "Watu wanakwenda na watoto wao, wanakula, wanaondoka."

"Na pombe?"

"Pombe ipo kwa anayetaka."

"Basi ni kama za Hillbrow."

Ukumbi ulicheka, nami nikacheka kidogo, kwa kuwa bado hakuna aliyenicheka mimi. Hapo ndipo Nzigire alipotoka jikoni akijifuta mikono, akachukua nakala ya kijitabu juu ya meza na kuishika kwa vidole viwili, kama anavyoshika kitambaa kibovu mbele ya muuzaji.

"Mwenyekiti, niulize. Huyu mdogo wetu alishafika kule?"

"Hajafika, lakini amefanya utafiti."

"Amefanya utafiti. Ameandika hapa, supu hii haina mfano. Mdomo gani ulionja? Mashini ya benki iko na mdomo?" Safari hii walicheka wote, hata upande wa madirisha, hata Odera. "Siku tisa! Wazee wetu wakae mikahawani kungoja supu ya maziwa yenye samaki ndani. Franchement, niseme kweli. Tukodi nyumba yenye jiko, tupike, tule vizuri, tusali. Miye niko na mtu kule, na ameshakubali..."

Nilisimama. "Yaya Nzigire," nilisema, na nilisema kwa heshima zote za maneno, "kabla ya kutuchagulia jiko Ireland, tuambie kwanza utasafiri na karatasi gani. Ile ya kuomba ukimbizi haipandi ndege."

Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema "Eish," polepole. Nzigire aliweka kijitabu mezani, akakinyoosha kwa kiganja, kisha akanitazama. Nilitegemea matusi; ningeyaweza matusi. Alisema tu, "Nilikuambia hayo nikikupima mwili." Akageuka, akaingia jikoni, akaanza kuyatoa masufuria yake moja moja, ya moto, akiyashika kwa kanga, na yote yalikuwa bado yamejaa. Mama wa kwanza wa Kikongo aliinuka kumsaidia, kisha wa pili, kisha upande wote wa jikoni ukawa mtupu. Siku hiyo hakuna aliyekula.

Nataka niliseme na hili, kwa kuwa kila nikisimulia habari hizi huwa naliruka: nilirudi nyumbani nikijiona mshindi. Nilipanda ngazi hadi ghorofa ya tisa, lifti ilikuwa mbovu kama kawaida, nikapika wali, nikaula wote. Nilijiambia nimesema kweli tupu, na kwamba mtu asiyetaka kuaibishwa asiaibishe wenzake. Siku ya pili Odera alinipitia ofisini. "Ulichosema ni kweli, lakini hukupaswa kukisema," alianza, kisha, akiwa ameshafika mlangoni, "Ila sasa kazi imekuwa rahisi. Tutakuwa wachache." Wakongo wote waliojiandikisha walikuwa wamefuta majina yao, hata wawili waliokuwa na pasipoti zao mkononi. Jumapili iliyofuata Nzigire alikaa kiti chake kile kile cha mbele, akaimba, akapokea komunyo, na baada ya misa akaenda zake nyumbani. Jikoni pale ukumbini palifungwa. Wakenya tukawa tunatoka kwenda kununua kuku wa kukaanga mtaani, tunakula tumesimama tukiwa na makoti yetu, na hakuna aliyenitazama sana. Ushindi ulianza kuisha hapo, lakini sikuomba radhi. Nilingoja yeye aanze. Sijui nilifikiri angeanza na nini.

Tulikwenda Mayo watu kumi na wawili. Mvua ilitupokea na mvua ikatusindikiza. Usiku wa kwanza tuliingia kwenye ile baa ya kando ya mto, mzee Muthoka akiwa ameshika rozari mkononi kana kwamba shetani anamngoja mlangoni, na supu ikaletwa. Ilikuwa supu nzuri. Sikuweza kuimaliza. Mama Achieng', aliyekuwa na miaka sabini na mmoja, ile krimu ilimkoroga tumbo akashinda chooni mpaka asubuhi. Siku ya pili mkahawa wangu wa chaza ulikuwa umefungwa, kumbe hufungwa kila Jumatatu. Nyumba ya chai niliyoisifia kwa mistari sita ilikuwa imegeuzwa duka la simu, na dirishani palikuwa na picha za betri. Sehemu ya tatu walitutazama, weusi kumi na wawili tuliolowa, wakasema kundi kubwa hivyo halipokelewi bila kuweka nafasi mapema. Tulikula viazi vya kukaanga ndani ya basi, vioo vimejaa mvuke. "Utafiti," alisema mtu kwenye viti vya nyuma. Sikugeuka kuona ni nani.

Asubuhi ya tatu tulikuwa tukinywa chai katika nyumba ya wageni, mlango ukafunguliwa akaingia mwanamke mzee wa Kizungu, mfupi, mwenye sweta ya kijani na msalaba mdogo wa mbao kifuani. Alitutazama sote, akatabasamu, akasema, "Jambo yenu bote! Muko aje?" Kwa Kiswahili cha Bukavu, kabisa, na lafudhi yake. Wenzangu wawili walicheka kwa mshangao. Yeye hakungoja majibu. Macho yake yalipita uso kwa uso mezani, yakarudi tena mwanzo, na tabasamu likapungua.

"Nzigire iko wapi?"

Watu wote walinitazama. Odera ndiye aliyejibu. "Alipata dharura ya kazi, Sista."

"Dharura gani? Mwezi wa nne aliniandikia kwamba anakuja, akanipa tarehe na jina la nyumba hii. Nikamjibu ndiyo, jiko liko. Kisha kimya."

Jina lake lilikuwa Sista Brigida. Alikuwa ameuguza watu Bukavu karibu miaka thelathini, na Nzigire, akiwa bado msichana wa shule, ndiye aliyemfundisha kuponda sombe. Sasa alikuwa mstaafu katika nyumba ya masista mwendo wa dakika ishirini kutoka pale, na nyuma yake palikuwa na shule ya zamani yenye jiko kubwa. Alisema tuje saa saba, kwa kuwa chakula ameshakianza na hawezi kukila peke yake. Tulikwenda. Alikuwa ameandika meza ndefu kwa watu ishirini na mmoja. Unga wa mahindi alikuwa ameagiza Dublin. Sombe hakupata, basi akachukua sukuma wiki ya bustanini kwao, akaiponda kwa mpini wa jembe aliouosha na kuuchemsha, akatia siagi ya karanga. Samaki makareli wa moshi aliwapika na nyanya na pilipili, na maharage yalikuwa maharage. Wenzangu walikula kama watu waliotoka gerezani. Mama Achieng' aliomba mara ya pili, akaomba na ya tatu. Mzee Muthoka alitamka kwamba hii sasa ndiyo hija. Sista alikuwa akizunguka na mwiko, na kila aliporudi kwenye jiko alikigusa kigoda kimoja kilichokuwa kando ya meko, kitupu, akakisogeza kidogo, akaendelea. Nilikula. Nilisikia njaa na chakula kilikuwa kitamu, na hilo ndilo lililonitesa, kwamba kilikuwa kitamu.

Nilibaki kuosha vyombo. Sista alikausha sahani tatu nne, kisha akasema, "Walipokutazama wote pale asubuhi, niliona. Sema kweli."

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya gauni, ya tepu, ya karatasi, ya kijitabu na maneno niliyoyasema mbele ya watu, kama nilivyoyasema. Nilidhani atanishika bega. Masista hushika watu mabega. Yeye alitundika kitambaa cha vyombo kwenye msumari akakinyoosha.

"Umekula kwangu," alisema. "Basi nenda umwambie umekula kwangu. Barua sikupi umpelekee, nitaitia posta mwenyewe. Wewe peleka mdomo wako."

Tuliporudi Johannesburg nilikaa wiki tatu bila kwenda. Nilikuwa nikipanda teksi za Troyeville, nikifika robot ya mwisho, zile taa za barabarani, nashuka na kurudi kwa miguu. Hatimaye Jumamosi moja nilibisha. Nzigire alikuwa kwenye cherehani, na mama watatu wa Kikongo walikuwa wamekaa kwenye vigoda wakishona vifungo. Redio ilizimwa. Hakuna aliyenikaribisha kiti, nami nikasimama pale pale nilipokuwa nimepimwa mwezi wa nne, mikono safari hii imening'inia.

"Nimekuja kukuomba radhi, Yaya."

"Nani anakusikia? Sema kwa nguvu. Ile siku ulisema kwa nguvu."

Nikasema kwa nguvu. Akanifanya nirudie maneno niliyomwambia ukumbini, neno kwa neno, mbele ya wale mama, na mmoja wao akasonya. Nikasema kwamba Sista Brigida alitupikia. Hapo mguu wake ukatoka kwenye pedali.

"Alipika nini?"

Nikamtajia. Alitaka kila kitu: bugali ulikuwa mgumu au laini, makareli walitiwa pilipili ya aina gani, nani aliomba mara ya pili. Nilipofika kwenye mpini wa jembe wale mama waliangua kicheko, wakapigana mabega, na Nzigire naye alicheka, kicheko kirefu cha mtu anayemwona mtu wake. Kwa muda ule mfupi nilisahau, nikacheka nao. Akanyamaza kwanza yeye.

"Alipoingia alisema nini? Neno la kwanza."

"Alitusalimu. Halafu akauliza, Nzigire iko wapi."

"Kabla hajajua majina yenu?"

"Kabla hajajua jina la mtu yeyote."

Aliangalia kitambaa kilichokuwa chini ya sindano. Karatasi zake, nilikuja kusikia baadaye kwa watu, hazikutoka mwaka ule wala mwaka uliofuata.

"Sawa," alisema. "Hilo ndilo nilikuwa ninataka kulisikia, na hakuna mwingine angeniambia. Nimesikia. Umemaliza?"

"Nimemaliza, Yaya."

"Usiniite Yaya. Kesho tutaonana kanisani, kanisa si langu, siwezi kukufukuza. Lakini usinisalimie. Wakati wa kupeana amani, geukia upande ule mwingine."

Akarudisha mguu kwenye pedali. Nilibaki Johannesburg miaka mitatu zaidi, mpaka benki iliponirudisha Nairobi, na kila Jumapili tulikuwa chini ya paa moja, yeye mbele, mimi safu ya nne. Padre aliposema tutakiane amani, nilimwona akigeuka na mkono ulionyooshwa, akiwapa Wakongo, akiwapa Wakenya, akimpa Odera. Nami niligeukia upande ule mwingine.